Idadi ya Nukuu na Thamani ya Utafiti: Namna ya Kuisoma Rekodi ya Mtafiti wa Sayansi ya Uhai Mjini Lubumbashi

1. Utangulizi

Mtafiti wa jenetiki au wa baiolojia ya molekuli anapoomba kupandishwa cheo, kupewa ruzuku au kupokewa katika chuo kikuu kingine, jambo la kwanza analoulizwa ni rekodi yake ya machapisho. Siku hizi rekodi hiyo haiishii katika orodha ya makala. Huambatana na nambari: makala zake zimenukuliwa mara ngapi, zimetoka katika majarida ya daraja gani, na fahirisi yake ya h ni kiasi gani. Nambari hizo husomwa upesi kuliko makala zenyewe, na aghalabu husomwa na watu ambao hawatazifungua makala hizo kamwe.

Makala hii inakusudia kueleza nambari hizo hupatikanaje, hupima nini na huacha nini nje. Mifano yake mikuu imetolewa Lubumbashi, mji mkuu wa mkoa wa Haut-Katanga katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mji huo umechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, katika muda wa miaka michache watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wakishirikiana na wenzao wa Ubelgiji, walitoa makala zilizosomwa duniani kote kuhusu madini na mwili wa binadamu. Pili, Lubumbashi ni mji wa Kiswahili. Utafiti wake huchapishwa zaidi kwa Kiingereza, hufundishwa kwa Kifaransa, lakini watu wanaotafitiwa huzungumza Kiswahili nyumbani, sokoni na katika wodi za hospitali.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba idadi ya nukuu hupima mazungumzo ya wataalamu wao kwa wao. Haipimi iwapo ujuzi umewarudia watu ambao damu yao, mkojo wao na maneno yao ndiyo yaliyouzaa. Kwa sababu hiyo suala la nukuu, ambalo kwa kawaida huachiwa wakutubi na wanasayansi, linawahusu pia wanafunzi na walimu wa Kiswahili.

2. Nukuu huhesabiwaje?

Wazo la kuhesabu nukuu kwa utaratibu lilielezwa na Mmarekani Eugene Garfield mwaka 1955 katika jarida la Science. Alipendekeza ifanywe fahirisi inayoonyesha, kwa kila makala, ni makala zipi za baadaye zimeitaja. Shabaha yake ilikuwa kumsaidia mtafiti kufuata nyayo za wazo kutoka mwandishi mmoja hadi mwingine. Taasisi aliyoianzisha mjini Philadelphia ilitoa fahirisi ya namna hiyo katika miaka ya 1960. Baadaye hesabu hiyo ilitoka katika mikono ya wakutubi ikaingia katika mikono ya wasimamizi, na chombo cha kutafutia makala kikawa chombo cha kupimia watu.

Vipimo vinavyotumika sana ni vitatu. Cha kwanza ni jumla ya nukuu, yaani mara zote ambazo makala za mtafiti zimetajwa katika marejeo ya makala nyingine. Cha pili ni kipimo cha athari cha jarida. Huchukuliwa idadi ya nukuu ambazo makala za jarida za miaka miwili iliyotangulia zimepata katika mwaka fulani, ikagawanywa kwa idadi ya makala hizo. Kwa hiyo kipimo hiki ni cha jarida, si cha makala moja wala cha mwandishi wake. Cha tatu ni fahirisi ya h, iliyopendekezwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Mtafiti ana fahirisi ya 5 ikiwa makala zake 5 zimenukuliwa angalau mara 5 kila moja, wala hana makala 6 zilizonukuliwa angalau mara 6.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mtafiti ana makala saba zilizonukuliwa mara 120, 45, 12, 6, 5, 3 na 0. Jumla ya nukuu zake ni 191 na fahirisi yake ya h ni 5. Sasa ikiwa ile makala ya kwanza itanukuliwa mara 1,200 badala ya 120, jumla itapanda sana lakini fahirisi itabaki 5 ile ile. Kwa upande mwingine, fahirisi haiwezi kuzidi idadi ya makala. Mtafiti aliyeandika makala tatu tu hawezi kuvuka 3 hata kama makala hizo zimebadili matibabu ya nchi nzima. Hali kadhalika, fahirisi hii haishuki: humpendelea mzee kuliko kijana, na aliyefanya kazi mfululizo kuliko yule ambaye kazi yake ilikatizwa.

Jambo jingine la kuzingatia ni kwamba nukuu hufuata matumizi kuliko ukubwa wa ugunduzi. Mwaka 2014 jarida la Nature lilitoa orodha ya makala 100 zilizonukuliwa kuliko zote. Iliyoongoza ilikuwa ya Oliver Lowry na wenzake ya mwaka 1951, inayoeleza namna ya kupima kiasi cha protini katika myeyuko. Ilikuwa imenukuliwa zaidi ya mara 300,000. Makala ya James Watson na Francis Crick ya mwaka 1953 kuhusu umbo la DNA, ambayo ndiyo msingi wa baiolojia ya molekuli, haikuwamo katika orodha hiyo. Sababu yake ni rahisi. Anayepima protini humtaja aliyemfundisha kupima. Anayezungumzia umbo la DNA hana haja tena ya kumtaja mtu, kwa kuwa jambo hilo limekuwa maarifa ya wote.

3. Mapengo katika rekodi

Rekodi ya mtafiti wa Lubumbashi haiwezi kusomwa bila historia ya chuo chenyewe. Chuo kilifunguliwa mwaka 1956, wakati mji ulipokuwa ukiitwa Elisabethville. Mwaka 1971 serikali ya Mobutu iliviunganisha vyuo vikuu vya nchi kuwa chuo kimoja cha taifa, vitivo vikagawanywa baina ya Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani. Muungano huo ulivunjwa mwaka 1981, na Lubumbashi ikapata tena chuo chake.

Mei 1990 wanafunzi walishambuliwa usiku katika mabweni ya chuo hicho. Baada ya tukio hilo Ubelgiji ilisimamisha ushirikiano wake na serikali ya Zaire, na misaada iliyokuwa ikilisha maabara na maktaba ikakatika. Ukafuata uporaji wa miaka 1991 na 1993 katika miji mikubwa, kisha vita vilivyoanza mwaka 1996. Ushirikiano wa vyuo ulirejea kwa nguvu katika miaka ya 2000. Anayeifungua rekodi ya profesa wa Lubumbashi wa kizazi hicho na kukuta miaka kumi isiyo na makala katika majarida ya kimataifa, haoni uvivu. Anaona maabara isiyo na umeme, maktaba isiyopokea majarida, na mishahara isiyolipwa. Fahirisi ya h haina mahali pa kuandika mambo hayo. Huandika pengo tu.

4. Makala tatu na maana yake

Katika mwaka 2009 jarida la Environmental Research lilichapisha makala ya Célestin Banza Lubaba Nkulu, mtaalamu wa sumu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na wenzake, akiwamo Benoit Nemery wa Leuven, Ubelgiji. Walipima metali katika mkojo wa watu 351 wa Katanga. Waliokaa karibu na migodi na viwanda vya kuyeyushia madini walikuwa na viwango vikubwa vya kobalti, aseniki, kadmiamu, risasi na urani kuliko wale waliokaa mbali. Viwango vya kobalti vilikuwa vya juu kuliko vyovyote vilivyokuwa vimeripotiwa hadi wakati huo kwa raia wa kawaida, yaani watu wasiofanya kazi viwandani.

Makala ya pili ilitoka Septemba 2018 katika jarida la Nature Sustainability. Ilihusu mtaa wa Kasulo mjini Kolwezi, ambako watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao. Wakazi 72 wa mtaa huo, wakiwamo watoto 32, walilinganishwa na watu 25 wa mtaa jirani. Kobalti katika damu na mkojo wa watu wa Kasulo ilikuwa nyingi zaidi, hasa kwa watoto. Kwa watoto hao zilionekana pia dalili kwamba DNA ilikuwa imeumizwa na kemikali kali za oksijeni mwilini. Hapo ndipo elimu ya sumu inapokutana na baiolojia ya molekuli.

Makala ya tatu ilitoka mwaka 2020 katika The Lancet Planetary Health. Waandishi wake wa kwanza walikuwa Daan Van Brusselen na Tony Kayembe-Kitenge. Watoto 138 waliozaliwa Lubumbashi wakiwa na kasoro za maumbile zinazoonekana kwa macho walilinganishwa na watoto 108 wasio na kasoro. Watoto ambao baba zao walifanya kazi zinazohusu madini walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa katika kundi la kwanza; uwiano uliopatikana ulikuwa 5.5, ukiwa na mipaka ya 1.2 hadi 25. Kuhusu metali zilizopimwa mwilini, nyingi hazikuonyesha uhusiano; manganizi na zinki tu ndizo zilizoonyesha.

Je, nambari za rekodi zinazisomaje makala hizi? Nature Sustainability lilikuwa jarida jipya, lililoanza Januari 2018. Kwa kuwa kipimo cha athari hutegemea makala za miaka iliyotangulia, jarida changa la namna hiyo lilikuwa bado halina kipimo. Msimamizi ambaye mwaka huo angehesabu alama kwa kipimo cha jarida peke yake, angeipa makala ya Kasulo sifuri. Muda mfupi baadaye makala hiyo ikawa miongoni mwa zinazotajwa kila kobalti ya betri za magari ya umeme inapojadiliwa. Makala ilikuwa ile ile.

Aidha, si kila anayenukuu amesoma kwa makini. Makala ya 2020 hutajwa na wengine kana kwamba imethibitisha kuwa metali fulani ndizo zilizosababisha kasoro za watoto. Waandishi wake hawakusema hivyo. Walionyesha uhusiano na kazi ya baba, wakaonyesha pia upana wa mipaka ya hesabu yao. Lakini katika fahirisi nukuu sahihi na nukuu potofu huhesabiwa sawasawa, kila moja ni moja.

5. Tatizo la majina

Kabla nukuu haijahesabiwa, sharti kwanza ijulikane ni ya nani. Fahirisi zilibuniwa na watu waliozoea jina la kwanza na jina moja la ukoo. Majina ya Katanga hayakufuata mpango huo. Mtu aweza kuwa na jina lake, jina la baba na jina la babu, na yote ni majina yake. Zaidi ya hayo, mwaka 1972 serikali ya Mobutu iliwataka raia waache majina ya Kikristo na kushika majina ya jadi. Baadaye wengi waliyarudia yale ya kwanza. Kwa hiyo mtu mmoja aweza kuwa amesajiliwa kwa namna mbili au tatu katika maisha yake ya kazi.

Makala mbili za kwanza zilizotajwa hapo juu ni mfano mzuri. Ile ya 2009 huorodheshwa chini ya jina Banza. Ile ya 2018 mara nyingi hunukuliwa chini ya Nkulu, na kwingine chini ya Banza Lubaba Nkulu. Msomaji wa Kiswahili anayejua namna majina ya Kibantu yanavyopangwa hutambua upesi kwamba huyo ni mtu mmoja. Mashine ya kuhesabu yaweza kuona watu watatu, kila mmoja na fungu lake dogo la nukuu. Tangu mwaka 2012 kumekuwa na nambari za utambulisho za ORCID, ambazo mtafiti hujipatia bure na kuziambatisha na machapisho yake yote. Hilo limesaidia. Hata hivyo, makala za zamani hazijiandikishi zenyewe, na anayetathmini rekodi ya Mkongo hana budi kutafuta kwa kila umbo la jina kabla ya kutoa hukumu.

6. Kiungo cha kwanza cha mnyororo

Kila makala ya sayansi ya uhai ni mwisho wa mnyororo. Mwanzoni mwake kuna mtu aliyetoa damu, na mwingine aliyeichukua. Mfano unaojulikana sana nchini Kongo ni wa Jean-Jacques Muyembe. Mwaka 1976 alitumwa Yambuku, kaskazini mwa nchi, akachukua sampuli za damu za wagonjwa wa homa isiyojulikana. Virusi vilivyopatikana katika mlipuko huo vikaitwa Ebola. Makala tatu zilizovitangaza zilitoka katika The Lancet mwaka 1977, kutoka maabara za Marekani, Ubelgiji na Uingereza. Jina la Muyembe halikuwamo miongoni mwa waandishi. Yeye aliendelea na kazi. Mwaka 1995 mjini Kikwit, wagonjwa wanane walipewa damu ya watu waliopona, na saba kati yao wakapona. Kutoka kwa mmoja wa waliopona Kikwit kulipatikana baadaye kingamwili iliyokuja kuwa dawa, ikaidhinishwa nchini Marekani Desemba 2020. Nukuu za 1977 hazikuweza kumlipa aliyeanza kazi hiyo. Ilihitajika miaka arobaini ili jina lake lishike mahali pake.

Lubumbashi yenyewe imepata kuwa kiungo cha namna hiyo. Mwaka 2014 Nuno Faria na wenzake walichapisha katika Science makala iliyofuatilia nasaba ya virusi vya UKIMWI kwa kulinganisha jeni zake. Walihitimisha kwamba kundi kuu la virusi hivyo lilianza kuenea Kinshasa yapata mwaka 1920, na kwamba reli za kikoloni zililisaidia kufika miji ya madini, Lubumbashi ikiwamo. Mji ulitajwa, reli yake ikatajwa, lakini orodha ya waandishi haina mtafiti wa chuo chake.

Wanafunzi wa Kiswahili wanaijua hali hii kutoka katika taaluma yao wenyewe. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya watumishi wa zamani wa nyumbani mjini Elisabethville, alitoa kijitabu kilichopigwa chapa kwa mashine kuhusu historia ya mji, kwa Kiswahili cha Katanga. Mwaka 1990 Johannes Fabian, akisaidiwa na Kalundi Mango, alikitoa upya pamoja na tafsiri na ufafanuzi, Walter Schicho akiongeza maelezo ya kiisimu. Bila toleo hilo wachache tu nje ya Katanga wangekijua. Lakini anayenukuu leo kwa kawaida hutaja kitabu cha 1990, na fahirisi humhesabia nukuu Fabian. Maneno ya watumishi yamekuwa data, kama mkojo ulivyo data. Hili halisemwi kwa kumlaumu mhariri, ambaye jina la Yav alilitaja waziwazi. Linasemwa ili ieleweke kwamba fahirisi huona kilichochapishwa mahali inapotazama tu.

7. Lugha ambayo fahirisi haiioni

Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inaitambua Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Kitshiluba. Kifaransa ndiyo lugha rasmi. Makala iliyoandikwa kwa Kiswahili, hata ikiwa na ujuzi mwingi, ni vigumu kuingia katika fahirisi kubwa za sayansi ya uhai. Matokeo yake ni kwamba mtafiti anayetumia miezi miwili kuandika maelezo ya Kiswahili kwa akina mama wa Lubumbashi amepoteza, kwa mujibu wa nambari, miezi miwili. Hapana mtu anayemkataza kufanya hivyo. Nambari humfundisha tu kwamba haina faida.

Na kazi hiyo si nyepesi, wala si ya mfasiri wa haraka. Tuchukue ule uwiano wa 5.5. Kumwambia mama kwamba kazi ya baba mgodini "husababisha" kasoro ni kumwambia jambo ambalo utafiti haukulisema. Kitenzi kinachofaa ni "kuambatana" au "kuhusiana": kasoro zilionekana zaidi pale ambapo baba alifanya kazi za madini. Aidha, 5.5 haina maana ya watoto watano kwa kila kumi. Kasoro hizo ni chache miongoni mwa watoto wote wanaozaliwa mjini, na zilibaki chache hata kwa familia za wachimbaji. Upana wa mipaka, kuanzia 1.2 hadi 25, unaonyesha kwamba ukubwa halisi wa uhusiano haujajulikana vizuri. Mama anayeelezwa hayo kwa maneno yaliyopimwa aweza kumshauri mumewe aoge na kubadili nguo kabla ya kurudi nyumbani, bila ya kumlaumu kwamba amemdhuru mwanawe.

Kuna pia suala la DNA. Kiswahili cha Tanzania kimezoea neno "vinasaba", lililotokana na "nasaba". Mjini Lubumbashi hutumika kifupi cha Kifaransa, ADN. Anayeeleza matokeo ya Kasulo aweza kuvutwa kusema kwamba "damu ya watoto imeharibika". Usemi huo ni wa hatari. Katika Kiswahili damu si kimiminiko tu. Ni ukoo, kama katika usemi "ndugu wa damu". Methali nazo ziko tayari: mtoto wa nyoka ni nyoka, na maji hufuata mkondo. Msikilizaji atafahamu kwamba ukoo wa Kasulo umeingia doa, na kwamba binti wa mtaa huo asiolewe. Ilhali kilichopimwa ni dalili ya maumivu ya DNA katika mwili wa mtoto aliye hai, maumivu ambayo mwili wenyewe huyatengeneza kwa sehemu kubwa. Hakikupimwa kitu kinachorithiwa. Hata neno "kinasaba", kwa kuwa lina "nasaba" ndani yake, laweza kupotosha hapa. Pengine yafaa kusema kwa maneno marefu zaidi: "sumu imeumiza maandishi madogo yaliyomo katika chembe za mwili wa mtoto, nayo si maradhi ya ukoo".

Uchaguzi wa istilahi za namna hii ni kazi ya wanaisimu. Lubumbashi ina jadi ya kazi hiyo katika kituo chake cha isimu, CELTA, na Dar es Salaam ina uzoefu mrefu wa kusanifisha istilahi. Lakini usanifu wa Dar es Salaam hauwezi kupelekwa wodini Lubumbashi bila kupimwa. Mzungumzaji anayesema "batoto" na "ku kazi" huelewa "watoto" na "kazini", ila istilahi ngeni iliyobebwa na sarufi ngeni humfanya anyamaze na kuitikia tu. Na kuitikia kwa mgonjwa anayetakiwa kutoa idhini ya kuchukuliwa damu si jambo dogo.

8. Hitimisho

Malalamiko dhidi ya nambari si mapya, wala hayatoki Afrika peke yake. Azimio la San Francisco la mwaka 2012 lilitaka kipimo cha jarida kisitumiwe kupimia ubora wa makala au wa mtafiti. Ilani ya Leiden ya mwaka 2015 ilihimiza kulindwa kwa utafiti bora unaohusu mahitaji ya mahali na ulioandikwa kwa lugha za mahali. Mwito wa Helsinki wa mwaka 2019 ulidai lugha nyingi katika mawasiliano ya kitaaluma. Kilichobaki ni utekelezaji, na utekelezaji huanzia katika kamati ndogo za vyuo.

Haifai kuhitimisha kwamba nukuu hazina maana. Kama makala za Lubumbashi zisingenukuliwa, kampuni zinazonunua kobalti zingeweza kuendelea kusema kwamba hazijui lolote. Nukuu zilizipa sauti mahali ambapo sauti ya mkazi wa Kasulo haifiki. Lakini hesabu hiyo ni nusu ya kazi. Kamati inayosoma rekodi ya mtafiti wa jenetiki au wa sumu yaweza kuongeza maswali machache yasiyohitaji mashine: Jina lake limetafutwa kwa maumbo yake yote? Mapengo yake yana historia gani? Waliokusanya sampuli wamo katika orodha ya waandishi? Je, muhtasari wa matokeo umeandikwa kwa lugha ya waliotafitiwa, ukasahihishwa na mtu anayeijua lugha hiyo, na ukawafikia?

Swali la mwisho laweza kupewa nafasi katika rekodi yenyewe, likahesabiwa kama chapisho. Hapo mwanafunzi wa Kiswahili atakuwa na kazi katika maabara, na mtafiti wa maabara atakuwa na sababu ya kumtafuta. Akina mama waliokubali watoto wao wapimwe mjini Lubumbashi walijibu maswali yaliyoulizwa. Majibu ya maswali yao wenyewe yamechapishwa, yamenukuliwa, na kwa wengi wao yangali yakisubiri kusemwa kwa Kiswahili.